Hesabu ya Jua

Mwezi uliopita mtoto wa dada yangu alinitumia picha ya karatasi kwenye simu. Ana mimba ya miezi minane, ya kwanza, na anaishi na mumewe Kihonda, Morogoro mjini. Karatasi ilikuwa orodha ya vitu vya mtoto, vitu 43, vimeandikwa kwa kalamu ya bluu kwa mwandiko wa kutulia, kila kimoja na bei yake pembeni. Chini kabisa aliandika: "Mama mdogo, nipunguzie. Hela haitoshi."

Niliisoma mara mbili, kisha nikampigia. Sikuanza na bei. Nilimwuliza kamba yao ya kuanikia nguo iko upande gani wa nyumba, na jua huiacha saa ngapi. Alinyamaza. Nadhani alifikiri sijaiona picha.

Swali hilo nililipata Nyandira, kule Mgeta, kwenye milima ya Uluguru, mwezi Juni mwaka 2012. Nilikuwa nimesimama jikoni kwa mama yangu, mtoto kifuani, natazama nepi tisa zilizoning'inizwa kwenye kamba juu ya mafiga. Nje ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye matuta ya kabichi, mti wa parachichi uliokuwa hatua kumi kutoka mlangoni hauonekani. Nilizigusa nepi moja moja. Tisa zote mbichi. Zilikuwa zimeanikwa tangu juzi.

Nilikuwa na nepi dazeni moja. Dukani mjini waliniambia dazeni inatosha, na hawakunidanganya. Mjini inatosha.

Nilijifungulia Morogoro mjini mwishoni mwa Aprili, masika yakiwa yanaelekea ukingoni. Begi la uzazi nilikuwa nimelipanga kwa karatasi mbili. Ya kwanza niliipata kliniki: khanga, mpira wa kutandika, glovu, pamba, wembe mpya, kibanio cha kitovu, beseni. Karatasi ile ilikuwa fupi, na kila kilichoandikwa humo kilitumika kabla jua halijachwa siku ile ile niliyojifungua. Ya pili niliitunga mwenyewe, kwa macho, nikizunguka madukani na mshahara wa ualimu. Humo mlikuwa na seti ya nguo sita za mtoto ndani ya mfuko wa plastiki unaong'aa, zenye riboni shingoni; chupa tatu za maziwa; poda; brashi ya nywele laini kama manyoya ya kifaranga; kiti cha kubembea; na chandarua kidogo cha kufunguka kama mwavuli. Nilivinunua kwa upendo mtupu. Sijutii upendo ule. Ila nilikuwa namnunulia mtoto ambaye sijamwona, kwa ajili ya nyumba ambayo sikuwa nimeifikiria.

Mtoto alizaliwa na kilo 2.1. Seti ya riboni ilimmeza, mikono yake ikapotelea kwenye mikono ya nguo. Muuguzi hakuitazama kabisa. Aliniambia nifungue vifungo vya gauni, akamlaza kifuani kwangu akiwa na nepi na kofia tu, miguu imekunjwa kama ya chura, shavu lake juu ya titi, uso umegeuzwa pembeni ili pua ipate hewa. Halafu akachukua khanga, akatufunga wote wawili, akaivuta nyuma kwa nguvu mpaka nikahisi mbavu za mwanangu zikipanda na kushuka juu ya zangu. "Usimtoe," alisema. "Ukienda chooni mpe bibi yake, naye amweke hivi hivi." Mama yangu, mwanamke wa miaka sitini wakati ule, alifungua blauzi yake bila kuuliza kitu.

Njia hiyo wengi tunaiita kangaruu. Ilianzia hospitali moja ya Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, ambako mashine za kuwatunza watoto njiti hazikutosha, daktari Edgar Rey akaona bora mwili wa mama uifanye kazi hiyo. Ngozi ya mama humpa mtoto joto, na kwa kuwa titi liko jirani, ananyonya mara nyingi zaidi. Siku tisa tulikaa hivyo. Nguo za riboni zilibaki kwenye mfuko wake unaong'aa. Kilichofanya kazi ni khanga na kofia, na kofia yenyewe ilikuwa ya mtumba, ya sufu, ambayo shoga yangu aliitupia kwenye begi dakika ya mwisho. Kichwa cha mtoto mchanga ni kama robo ya urefu wake wote. Kikiachwa wazi, joto jingi linaondokea huko.

Tuliporudi nyumbani, mwavuli wa chandarua ulinifundisha jambo jingine. Ulikuwa mzuri kuutazama, una maua pembeni. Lakini haukuwa na dawa, na ulikuwa mdogo kiasi kwamba mkono wa mtoto aliyelala ulikuwa unagusa wavu. Asubuhi ya pili nilikuta alama tatu nyekundu kwenye kiganja. Mbu alikuwa amesimama nje na kunywea dirishani. Kabatini nilikuwa na chandarua kikubwa chenye dawa, nilichokipata kwa Hati Punguzo ya kliniki kwa kuongeza shilingi 500 tu. Nilikuwa nimekihifadhi kwa ajili ya wageni! Jioni ile ile nilikifunga juu ya kitanda chetu, nikachomeka pindo zake chini ya godoro pande zote, na mtoto akalala ndani pamoja nami.

Sisi wa mkoa wa Morogoro tungepaswa kuwa wa kwanza kulijua hili, maana sehemu ya ushahidi wake ilitoka kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa Ifakara walisambaza vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga, kwa jina la Zuia Mbu, wakafuatilia watoto. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kuwa uwezekano wa kuendelea kuishi, kwa watoto wa kuanzia mwezi mmoja hadi miaka minne, uliongezeka kwa asilimia 27 kwa waliovitumia. Hakuna kitu kingine chochote kwenye lile begi langu ambacho naweza kukiandikia namba kama hiyo.

Mtoto alipotimiza mwezi na uzito kupanda, tulipanda Nyandira. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Mjomba wake ana neno juu yake, na bibi mzaa mama ndiye anayemfundisha binti yake kulea. Likizo ya uzazi ni siku 84, na sikutaka kuzimaliza zote mjini nikiwa peke yangu mchana kutwa. Tukashika gari la Mgeta, tukaiacha barabara ya Iringa pale Sangasanga na kuanza kupanda. Kila kona hewa ilizidi kuwa nyembamba na baridi. Kwa kawaida, kila ukipanda meta 1,000 joto hupungua kwa nyuzi kama 6, na kutoka mjini hadi Nyandira unapanda meta elfu na ushei. Nilimwingiza mtoto ndani ya sweta langu, nikafunga vifungo juu yake.

Huko ndiko hesabu yangu ya dazeni ilipoanguka.

Mtoto mchanga hubadilishwa nepi mara nane hadi kumi na mbili kwa siku. Mjini, nepi niliyoanika saa tatu asubuhi, mvua ikinipisha, niliianua saa sita mchana imekauka mpaka inakwaruza. Kwa hiyo nepi ile ile ilirudi kazini siku hiyo hiyo. Nyandira mwezi Juni, jua huchungulia saa nne au saa tano, huzunguka kidogo juu ya mashamba ya njegere, na saa tisa ukungu umelifunika. Nepi huchukua siku mbili, pengine tatu. Kumi kwa siku, mara siku tatu, ni thelathini. Mimi nilikuwa na kumi na mbili. Jioni ya siku ya pili nilifungua pakiti ya pampasi niliyokuja nayo kwa ajili ya safari, nikaimaliza kwa siku tatu, mtoto akachubuka mapajani, na maganda yake yakawa mzigo: huwezi kuyachoma karibu na nyumba, huwezi kuyatupa kwenye mfereji unaomwagilia mboga za watu.

Mama aliniacha nihangaike mpaka nilipokaa kimya. Ndipo akaingia chumbani akatoka na khanga zake nne, kuukuu, rangi imekwisha, maandishi hayasomeki tena. Alishika ukingo kwa meno, akauchana kidogo, kisha akavuta kwa mikono miwili. Khanga iliyozeeka huchanika kwa sauti ndefu, iliyonyooka, kama mtu anayevuta pumzi. Kila moja ikatoa vipande vinne. "Wewe ulinunua khanga mpya," aliniambia huku akipinda ukingo kwa sindano. "Mpya haina kiu."

Ni kweli. Khanga ya dukani ina wanga unaoifanya ing'ae na kukakamaa. Mkojo wa mtoto huteleza juu yake na kuingia kitandani. Mpaka ifuliwe mara nyingi ndipo nyuzi zinapofunguka na kuanza kunywa. Nilikuwa na doti mbili mpya begini, nilizoziona za heshima zaidi kumfungia mtoto, nazo hazikufaa kitu kwa kazi ile. Tangu siku hiyo, nikiona mwanamke mjamzito anatupa khanga kuukuu au kuigeuza tambara la kudekia, namsimamisha.

Siku ya nne mjomba alikuja kumwona mtoto. Wengine walileta sabuni, kuku, hela ya kufungua mkono. Yeye alikuja na mzigo wa kuni kichwani, zilizokauka barabara, kutoka kwenye miti aliyoipanda mwenyewe kwenye kingo za shamba lake. Aliutua mlangoni, akafuta jasho, akasema, "Mwana anahitaji moto." Nilikuwa bado mgeni wa mambo haya, nikaiona ni zawadi ya mzee asiye na hela. Mama hakuiona hivyo. Alizipanga kuni zile ndani kwa uangalifu mkubwa, zile nyembamba peke yake. Mlimani kuni kavu mwezi Juni si kitu cha kuokota tu. Msitu wa juu umehifadhiwa kisheria, tangu mwaka 2008 ukiwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, na kuni za kuokota bondeni zimelowa. Mzigo ule ndio uliochemsha maji ya kumwogesha mtoto na ya kunikanda mimi, ukapika uji wangu wa pilipili manga, ukakausha nepi ishirini na nane. Kama kuna zawadi iliyomfikia mwanangu mwilini mwake, ni ile.

Moto nao una mipaka yake, na mama alikuwa mkali. Jiko letu ni kibanda peke yake, mbali na nyumba ya kulala. Nepi ndizo zilizokaa kwenye moshi, mtoto hakuingia humo. Usiku wa kwanza nilitaka kulala na jiko la mkaa chumbani kwa sababu ya baridi. Alikubali liingie kwa muda wa kuogesha tu, mlango ukiwa wazi, kisha akalibeba mwenyewe nje kabla hatujalala. Mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi, na watu hulala wasiamke. Joto la usiku lilikuwa langu mimi: mtoto kifuani, khanga, sweta, blanketi juu yetu.

Nepi zikishatoka jikoni zikiwa na unyevu kidogo, zilimaliziwa kwa pasi ya mkaa. Mjini pia nilikuwa napiga pasi, kwa sababu nyingine. Kwenye joto kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo zilizoanikwa, na funza wake huingia kwenye ngozi ya anayezivaa. Pasi ya moto huwaua. Kazi moja, sababu mbili, kutegemea uko bondeni au juu. Mwalimu mwenzangu aliyelelea Kinole, upande wa mashariki wa milima hii unaopokea pepo za Bahari ya Hindi, ananiambia huko mvua karibu haikatiki mwaka mzima, na kwamba yeye alizaa watoto watatu bila kujua nepi kavu ya jua ni kitu gani. Aliishi kwa pasi.

Mengine niyapitie upesi. Poda haina kazi. Mtoto huivuta puani. Kitovu hakikupakwa chochote, si mafuta wala majivu, kikakauka na kudondoka chenyewe. Mzee mmoja wa jirani hakupendezwa, mama akamjibu kwa adabu kwamba kliniki wamesema kiachwe kikavu, na yakaisha. Kiti cha kubembea hakikutumika hata siku moja. Nilikirudisha mjini kama kilivyokwenda.

Jirani mwingine alileta kopo la maziwa ya mbuzi. Mgeta ina mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norwei, walioletwa miaka ya 1980 kupitia Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na maziwa yao ni mazito, matamu, watu huyaonea fahari. Alisema mtoto huyu mdogo apewe kijiko kimoja kimoja ili anenepe. Mama alishukuru sana, akayachemsha, akanipa mimi kwenye chai. "Mnyweshe mama," alimwambia jirani, "mtoto atayakuta humo humo." Maziwa ya mnyama si ya mtoto wa chini ya miezi sita, lakini sijasikia mtu akilisema jambo hilo vizuri kuliko alivyolisema yeye. Mtoto alipotimiza wiki sita tulishuka zahanati kwa chanjo. Walimning'iniza kwenye mizani akiwa ndani ya khanga niliyoifunga fundo mwenyewe. Kilo 3.2. Mama aliisoma namba kwenye kadi mara mbili, ingawa hakuwa amevaa miwani.

Zile chupa tatu nazo zilikuwa na mwisho wao. Siku 84 zilipokwisha nikarudi darasani, msichana wa nyumbani akabaki na maziwa niliyokamua. Muuguzi wa kliniki alinishauri kikombe kidogo na kijiko badala ya chupa, kwa sababu kikombe husafishika chote hadi pembeni, na chuchu ya mpira ina mikunjo ambamo maziwa hugandia na kuchacha. Nilisita, nilidhani mtoto atapaliwa. Hakupaliwa. Alilamba ukingo wa kikombe kama paka, taratibu, na mchana nilikuwa nakimbia nyumbani kumnyonyesha mwenyewe, kwa kuwa sheria ya kazi inampa mama hadi saa mbili kwa siku kwa ajili hiyo. Wengi hatuziombi saa hizo. Tunaona haya mbele ya mkuu wa kazi, na mtoto ndiye anayelipia haya yetu.

Mtoto wa pili nilimzaa Novemba 2019, mjini, joto likiwa limepamba moto. Alizaliwa na kilo 3.4, akatoka vipele vya joto shingoni siku ya tano kwa sababu nilimvalisha kama mtoto wa Nyandira. Nilimvua sweta, nikambakishia nepi na fulana ya pamba, vikaisha. Yeye alihitaji chandarua kuliko blanketi. Wamezaliwa na mama mmoja, na begi la mmoja lisingemfaa mwenzake.

Basi nilipompigia yule binti, nilikuwa na haya yote kichwani. Aliniambia kamba yao iko nyuma, upande wa magharibi, kivuli cha nyumba huifunika mpaka saa sita. Na baada ya arobaini atapanda kwa bibi.

"Wakati huo itakuwa mwezi gani?"

"Wa saba, mama mdogo."

"Haya, chukua kalamu."

Tuliipitia orodha yake karibu saa nzima. Sikufuta kwa kiburi. Kila kitu nilimwuliza kitalala wapi, kitafuliwa na maji gani na kitakauka kwa jua lipi. Seti ya nguo ya dukani tukaiacha moja tu, ya siku ya kumtoa mtoto nje, maana furaha nayo ni haki ya mama. Sweta na kofia nikamwelekeza kwenye mitumba: asubuhi belo linapofunguliwa hukosi nguo za watoto za nchi za baridi, zimeshafuliwa mara mia mpaka zimelainika, azichemshe, azipige pasi. Nepi tukazipandisha kutoka dazeni moja hadi tatu, nusu yake za khanga kuukuu. Chandarua amepewa bure kliniki, nikamwambia akitoe kwenye mfuko leo leo, akitandaze kivulini kipungue ukali wa dawa, kisha akitundike.

Halafu nikamwongezea ambavyo hakuwa ameviandika. Kamba ya pili, upande wa mashariki, na vibanio. Beseni la pili, ili la kuogeshea mtoto lisiwe la kulowekea nepi. Chupa kubwa ya chai ya kuwekea maji ya moto ya usiku. Na bahasha ya nauli, ifungwe ndani ya kadi ya kliniki, isiguswe hata unga ukiisha: mtoto mchanga akigoma kunyonya, au akiwa wa baridi ukimgusa, au akilegea, hakuna kusubiri kuche.

Juzi mama alimtumia mzigo kutoka mlimani, umekuja na lori la kabichi. Binti alinipigia simu jioni, nasikia anafungua fundo huku anaongea. Alihesabu kwa sauti vipande vya khanga, kumi na sita, vimepindwa vyote kwa uzi mweupe. Kisha akakaa kimya, nikamsikia akinusa.

"Mama mdogo, vina harufu. Nivifue tena?"

"Harufu ya nini?"

"Kama moshi. Kama jikoni kwa bibi."

Nilimwambia avifue, ni vya mtoto. Kimoja akiache.

"Hiki chenye ukingo mwekundu?"

Nilikuwa nakijua. Kilikuwa cha mwanangu.